Daftari la Mama na Namba ya Simu: Historia ya Kumchangia Mtoto Mpakani Busia na Tororo



Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alibaki darasani wenzake walipotoka kwenda kucheza. Alikuwa na swali. Baba yake alikusudia kuweka picha zake mtandaoni, pamoja na namba ya kupokelea fedha, ili watu wamchangie aende kusomea soka mjini Kampala. Kijana anaupenda mchezo huo kwa dhati, na baba hana uwezo wa kulipa karo inayotakiwa. "Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hii ni harambee, au ni kuombaomba?"

Sikumjibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwako pia wewe unayejifunza Kiswahili. Maneno mawili aliyoyatumia yamebeba historia ndefu ya watu wa Busia na Tororo, na si haki kuyapima kabla ya kuisikia historia yenyewe.

Mpaka uliopita katikati ya ukoo

Tuanze na ardhi. Kabla ya mwaka 1902, nchi iliyo mashariki ya mito Sio na Malaba, hadi karibu na Naivasha, ilihesabiwa na Waingereza kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 sehemu hiyo ilihamishwa na kuwekwa chini ya utawala ambao baadaye, mwaka 1920, uligeuka kuwa Koloni la Kenya. Hakuna mtu wa Busia aliyeulizwa maoni yake. Wasamia na Wateso walijikuta pande mbili za mstari mmoja, na mtu na shangazi yake wakawa raia wa nchi mbalimbali bila hata mmoja wao kuhama nyumba.

Hata hivyo, mstari ule haukuwazuia watu kuvukiana. Neno bodaboda, unalolisikia leo kutoka Mombasa hadi Goma, lilizaliwa katika mpaka huu, pale vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwabeba abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi nyingine. Watu walivuka kwa ajili ya soko, harusi na matanga, na tena kwa ajili ya shule. Masinde Muliro, aliyezaliwa mwaka 1922 upande wa Kenya na kuja kuwa miongoni mwa wanasiasa mashuhuri wa magharibi ya nchi hiyo, alisoma Tororo kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1949. Likumbuke jina lake, maana tutakutana nalo tena.

Nani alilipa karo za watoto wa enzi hiyo? Aghalabu jibu halikuwa mtu mmoja. Ng'ombe wa baba aliuzwa, mjomba akaongeza kidogo, na ukoo ukamalizia. Wahenga walikuwa wamekwisha kusema: mkono mmoja haulei mwana.

Somo dogo la lugha

Hapa nikusimamishe kidogo, mwanafunzi wangu, tutazame kitenzi chenyewe. *Kuchanga* ni kutoa fedha au mali pamoja na wenzako kwa ajili ya jambo moja. Ukitoa kwa ajili ya mtu, *unamchangia*. Ukiwafanya wengine watoe, *unachangisha*. Kinachotolewa ni *mchango*. Usichanganye kitenzi hicho na kivumishi *-changa*, chenye maana ya kutokomaa, kama tunaposema *mtoto mchanga*. Maneno hayo mawili yamekutana kwa sauti tu. Lakini katika makala haya yatatembea bega kwa bega, kwa kuwa tunazungumza juu ya kumchangia aliye mchanga, yaani mtu ambaye bado hajawa na uwezo wa kujisemea.

Nalo neno *harambee* lilikuwa mwito wa wafanyakazi. Watu waliokuwa wakivuta au kuinua mzigo mzito waliutoa kwa pamoja ili nguvu zao zikutane katika nukta moja. Zingatia picha hiyo: mzigo uko mbele ya macho ya wote, kila mkono umeushika, na ukisogea, kila mtu anauona ukisogea.

Ndege ya mwaka 1959

Mfano mkubwa kuliko yote wa umma kuchangia ndoto za vijana ulitokea mwishoni mwa ukoloni. Nafasi za elimu ya juu Afrika Mashariki zilikuwa chache mno. Makerere haikuweza kumpokea kila aliyestahili. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, alikwenda Marekani kutafuta nafasi vyuoni na fedha za nauli. Mwezi Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kuelekea New York. Hadi mwaka 1963 vijana wapatao 800 wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, walikuwa wamefaidika na mpango huo. Miongoni mwa walioondoka mwaka 1960 alikuwa msichana ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai.

Wamarekani mashuhuri kama vile Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua za kuomba michango, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Ukipenda, waweza kusema kwamba huo ulikuwa uchangishaji wa kimataifa kabla ya intaneti: watu wasiomjua kijana walimlipia safari.

Lakini nauli haikutosha. Mwanafunzi alihitaji nguo za baridi, vitabu na fedha za kujikimu. Hapo ndipo kijiji kilipoingia. Familia ziliuza mifugo na hata mashamba. Majirani waliandaa karamu za chai na kuchanga shilingi mojamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tazama upande wa pili wa hisani hiyo. Kijana aliyeruka kwa michango ya kijiji hakuwa tena na uhuru wa kushindwa. Je, angebadili fikira na kusomea uchoraji badala ya uchumi? Je, angerudi bila shahada? Kila shilingi iliyochangwa ilikuwa mkono begani mwake. Wengi walirudi na kuijenga nchi, nasi tunawaheshimu. Hata hivyo tusijidanganye kwamba mchango ni zawadi isiyokuwa na uzito.

Enzi ya harambee

Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipojipatia madaraka ya ndani, Jomo Kenyatta aliliinua neno *harambee* likawa mwito wa taifa, na hadi leo limeandikwa kwenye nembo ya nchi. Wananchi waliuchukua mwito huo kwa uzito kuliko hata serikali ilivyotarajia. Kiu yao ya kwanza ilikuwa elimu. Kufikia miaka ya 1970 shule za sekondari za harambee zilikuwa zimezidi zile za serikali kwa idadi. Magharibi ya Kenya wananchi walichanga pia kwa ajili ya chuo cha Kakamega kilichojulikana kama WECO. Chuo hicho ndicho mzizi wa chuo kikuu kilichotimia mwaka 2007 na kupewa jina la Masinde Muliro, yule yule kijana aliyevuka kwenda kusoma Tororo. Kizazi kimoja kilivuka mpaka kutafuta darasa. Kizazi kilichofuata kilichanga ili darasa liwe karibu na nyumbani.

Nami ni mtoto wa enzi hiyo ya michango. Nilipopata nafasi ya kuendelea na masomo ambayo baba hakuweza kuyalipia, majirani walikusanyika uwanjani. Jogoo mmoja alipigwa mnada mara tatu. Kila aliyemnunua alimrudisha mezani auzwe tena. Mweka hazina alisoma jina la kila mtoaji na kiasi alichotoa, nami nilikaa kiti cha mbele nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, nikitazama chini. Nilifurahi, na niliona haya. Yote mawili kwa pamoja.

Usiku ule mama aliyanakili majina yote katika daftari la kurasa 48. Sikuelewa sababu. Kwa miaka mingi baadaye nilimwona akilifungua kila alipoalikwa kwenye harambee ya mtu mwingine, akatafuta jina la mwenye shughuli, akaona alichotutolea, kisha akafunga shilingi zake katika ncha ya leso na kuondoka. Baadhi ya majina hayo yalikuwa ya jamaa zetu wa ng'ambo ya mpaka, nako alikwenda. Daftari lile lilinifundisha uraia kuliko kitabu chochote: kuchangiwa kulimaanisha kuwa nawe utachanga.

Jinsi mzigo ulivyoharibiwa

Lakini mwalimu wa historia asiwe msifu wa kale. Harambee ilikuwa na kasoro, tena kubwa. Polepole meza ya mbele ilitekwa na wanasiasa. Mgeni wa heshima alikuja na bahasha nene na kipaza sauti, akaondoka na kura. Mahali pengine wananchi maskini walilazimishwa kutoa, na huduma za ofisini zikageuzwa kuwa njia ya kukusanya michango. Mtoto wa mtu asiyejulikana na wakubwa alisubiri nyuma, hata awe hodari namna gani.

Ndiyo maana Kenya ilitunga Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma mwaka 2003, iliyowakataza maafisa kutumia ofisi zao kukusanyia harambee au kumshurutisha mtu kutoa. Mwezi Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Historia ya miaka 60 ilikuwa imefika mahali ambapo neno la kuvuta mzigo kwa pamoja lilihitaji kulindwa dhidi ya wale waliolitumia kujivutia wenyewe.

Wakati huohuo mahitaji yalibadilika. Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, na Kenya ikafuta karo ya shule za msingi mwaka 2003. Gharama hazikuisha, kama mzazi yeyote atakavyokwambia, lakini wazazi walianza kuota mambo ambayo hakuna serikali inayoyalipia: viatu vya soka, gitaa, mashindano ya mbali, kambi ya mafunzo.

Uwanja ulipohamia simuni

Mwezi Machi 2007 M-Pesa ilianza kazi Kenya. Miaka miwili baadaye MTN ilianzisha huduma kama hiyo Uganda. Tangu siku hizo uwanja wa harambee ulianza kuhamia mkononi. Vikundi vya WhatsApp vilichukua nafasi ya karamu za chai, na majukwaa kama M-Changa la Kenya yakawawezesha watu kukusanya michango kwa simu.

Kuna heri katika mabadiliko hayo, na ni wajibu wangu kuitaja. Mgeni wa heshima amepoteza kiti chake. Mzazi asiyemjua mbunge yeyote aweza kufikiwa na binamu aliye Doha au Toronto, au hata na mgeni mwenye moyo mwema. Watoto wa kundi la dansi la Ghetto Kids la Kampala walijulikana duniani mwaka 2014 kupitia video ya mtandaoni, na mwaka 2023 walifika fainali ya shindano la vipaji la televisheni nchini Uingereza. Nani angewaona kama wangengoja mnada wa jogoo?

Basi, ni nini kilichopotea njiani? Naona mambo matatu.

La kwanza ni kufahamiana. Waliokuja uwanjani kwetu walinijua. Kama baba yangu angedanganya, angeaibika kesho yake kisimani. Mtoaji wa mtandaoni humjua mtoto kwa picha tu, na picha haiulizwi maswali. Mlaghai aweza kuiiba picha hiyo akaweka namba yake mwenyewe.

La pili ni hesabu. Mweka hazina alisoma majina na jumla kwa sauti. Leo fedha huingia katika simu ya mzazi kimyakimya, na mara nyingi hakuna anayejua zilizobaki zilikwenda wapi.

La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni usahaulifu. Ndiyo, usahaulifu! Aibu yangu ya viatu vya kuazima iliisha jua lilipotua. Waliokuwepo wamezeeka, na wengine wametangulia mbele ya haki. Picha ya mtandaoni haizeeki. Kijana wa miaka 12 anayetangazwa leo kuwa maskini na mhitaji aweza kukutana na tangazo hilo akiwa na miaka 30, mbele ya mwajiri au mchumba.

Sheria yamlinda mtoto dhidi ya nani?

Kenya na Uganda ziliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 12 humpa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Cha 16 hulinda faragha yake. Cha 31 humpa haki ya kupumzika na kucheza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba maslahi ya mtoto hutangulia katika kila jambo linalomhusu. Nchi zote mbili zilipitisha sheria za kulinda data mwaka 2019, na sheria hizo zinataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Si maneno matupu: mwezi Septemba 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Lakini fikiri kidogo, msomaji. Sheria imemweka mzazi mlangoni awe mlinzi. Itakuwaje ikiwa mlinzi mwenyewe ndiye anayeitoa picha nje?

Swali hili si geni duniani. Nchini Marekani, mwigizaji Jackie Coogan aliyepata fedha nyingi akiwa mtoto alikua akakuta zimetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Kwa sababu hiyo jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1939 ya kumwekea mtoto akiba katika mapato yake. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020 kuhusu watoto wanaoonyeshwa mtandaoni kwa malipo, ili mapato yao yahifadhiwe hadi wakue. Msingi wa sheria zote mbili ni mmoja: kilichopatikana kwa uso wa mtoto ni cha mtoto.

Jibu langu

Sasa nimjibu kijana wangu.

Mwanangu, si haramu baba yako kuchangisha. Babu zako walichangiwa, mwalimu wako alichangiwa, na ndege ya mwaka 1959 isingeruka bila mikono ya wageni. Asiye na uwezo hana budi kutafuta, na kutafuta si aibu. Tofauti kati ya harambee na kuombaomba haitokani na umaskini wa mwenye kuomba, wala haitokani na uwanja au simu. Harambee huuweka mzigo mbele ya macho ya watu. Kuombaomba humweka mtu.

Kwa hiyo mwambie baba haya, kwa adabu. Aonyeshe mzigo: jina la mafunzo, muda wake, gharama yake. Si lazima aonyeshe uso wako, shule yako wala nyumba yenu. Picha ya viatu vyako vilivyochanika yatosha. Aanze na wanaokujua, kocha wako, majirani, jamaa wa pande zote mbili za mpaka, kabla ya kuwaendea wageni. Fedha zilipwe moja kwa moja kule unakokwenda kujifunza, na risiti isomwe kwa waliotoa, kama mweka hazina wetu alivyosoma. Akuulize kwanza, na ukisema hapana, iwe hapana. Kisha anunue daftari.

Nakuomba uongeze jambo moja, ambalo mama yangu hakuniambia na ambalo nilihitaji kulisikia siku ile nikiwa kiti cha mbele. Ukifika Kampala ukaona kwamba soka si njia yako, una ruhusa ya kurudi. Daftari ni deni la baba na mama, nao watalilipa kwa wengine. Wewe ulichangiwa ujaribu, hukununuliwa. Cheza.

Wako katika lugha na uraia,
Mwalimu wenu

Maswali ya kujadili

1. Mwandishi anasema kwamba harambee huuweka mzigo mbele ya macho ya watu, na kuombaomba humweka mtu. Je, unakubaliana naye? Toa mfano kutoka nyumbani kwenu.
2. Eleza faida moja na hasara moja ya harambee ya uwanjani ikilinganishwa na uchangishaji wa simuni.
3. Tunga sentensi tano ukitumia *changa*, *changia*, *changisha*, *mchango* na *mchanga*.
4. Andika tangazo la maneno 60 la kumchangishia mtoto anayetaka kujifunza muziki, bila kutaja jina lake wala kuonyesha uso wake.